Nilivyokwenda Kuligundua Boma la Mbuke

Nilisafiri kwa sababu ya kujigamba, na ni afadhali niliseme hilo mwenyewe kabla watu wa mtaa wetu wa Kanyenye hawajawasimulia.

Mimi ni Zuhura, mwalimu mstaafu wa historia. Kila Jumamosi wastaafu watano tunakutana barazani kwangu, tunakunywa kahawa na kuisahihisha dunia. Jumamosi moja Mwalimu Kitwana, aliyefundisha hesabu maisha yake yote, alikuja na video kwenye simu. Ilikuwa ya ngome ya Warumi huko Ulaya, iliyojengwa kulinda kivuko cha mto mpakani mwa dola yao. Ukuta uliobaki haukufika magotini. Watu walikuwa wamepanga mstari kuutazama, wengine na watoto mabegani.

"Wenzetu wanatunza," Kitwana akasema.

"Hata sisi tunayo," nikamjibu.

Hakuna aliyeniuliza, lakini nilishasema. Nikawaeleza habari nilizozisikia kwa marehemu baba: kwamba misafara iliyotoka Tabora kwenda kaskazini ilivuka mto mmoja ng'ambo ya Ziba, na juu ya kivuko palikuwa na boma la walinzi. Hao ndio waliokuwa wakiamua nani avuke na nani asubiri, na waliopita waliacha hongo, yaani ushuru wa njia wa enzi hizo. Baba alisema babu yake alipita hapo akiongoza msafara mkubwa. Katika familia zetu za Kanyenye, zenye asili ya Omani, kila mtu ana babu aliyeongoza msafara. Sijawahi kumpata mwenye babu aliyebeba mzigo. Ukitusikiliza sisi, misafara ile ilikuwa na viongozi watupu, na pembe za ndovu zilitembea zenyewe.

Kabla ya wiki mbili kwisha nilikuwa nimeandika barua kwa ofisi inayohusika na mambo ya kale. Niliomba boma lizungushiwe uzio, liwekwe kibao, na "shughuli zote za kibinadamu ndani ya eneo hilo zisitishwe mara moja." Sentensi hiyo niliipenda sana. Niliwasomea wenzangu mara mbili. Boma lenyewe nilikuwa sijaliona hata kwa mbali.

Ofisi ikajibu kwa adabu: mwalimu alete vipimo na mchoro, kisha watatuma mtaalamu. Ndipo nikafunga safari.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa stendi ya Tabora na futi kamba ya mita thelathini, dira ya marehemu mume wangu, daftari jipya, mwavuli, na nakala ya barua yangu ndani ya faili la plastiki. Kitwana alikuja kuniaga.

"Pima kila upande mara mbili," alisema. "Na usiwahutubie watu, Zuhura."

Basi lilipotoka tu nikaanza kumweleza jirani yangu wa kiti habari za Warumi. Alikuwa mfanyabiashara wa mbegu za alizeti, mtu mpole. Alisema "ahaa" kuanzia Tabora hadi Puge. Puge akahamia kiti cha nyuma, akasema huku mbele jua linampiga. Jua lilikuwa upande wa pili.

Saa tatu na nusu nilishuka Nzega, na kabla ya adhuhuri nilikuwa Lusu, nyumbani kwa Mwalimu Agnes. Tulifundisha naye shule moja miaka kumi na miwili. Sasa analima mpunga na kufuga, na mikono yake imekuwa migumu kama ya fundi uashi. Alinichinjia kuku, tukala na wali wa shamba lake. Nikamwonyesha barua.

Aliisoma akiwa amenyoosha mkono mbali, maana miwani yake ilikuwa chumbani.

"Umempa taarifa mwenyekiti wa kitongoji huko?"

"Nitawakuta huko huko. Nataka iwe furaha ya ghafla."

"Zuhura, mtu akiingia kijijini na futi kamba, hakuna anayefurahi."

Nikamwambia hawa ni watu wenye urithi mkubwa, wakielezwa wataelewa. Agnes hakubishana. Aliingia ndani akatoka na gambuti zake nyeusi, akaniambia mvua za juu zimeanza na viatu vyangu vya kitambaa havitafika popote. Zilinizidi saizi mbili. Nilizivaa kwa heshima yake.

Jumanne asubuhi nilipanda bodaboda hadi Ziba. Safari ile siielezei kwa urefu, maana muda mwingi nilikuwa nimefumba macho. Ziba nilikunywa chai na maandazi, nikauliza njia ya kwenda mtoni. Nikaelekezwa kwa Shija, mwanamume wa makamo mwenye mkokoteni wa ng'ombe wawili, aliyekuwa akielekea huko kuchukua magunia ya mpunga.

"Unakwenda kwa nani, mama?" Shija aliniuliza nilipokwisha kukaa.

"Siendi kwa mtu. Nakwenda kwenye boma la kale la kivukoni."

"Aa. Kwa Mbuke."

"Hapana, si kwa mtu. Ni boma. Ngome ya zamani."

"Ndiyo," alisema, akawagusa ng'ombe kwa fimbo. "Kwa Mbuke."

Tulikwenda kwa muda wa saa mbili katikati ya majaruba ya mpunga. Yangeyange walikuwa wamesimama kwenye maji, weupe, hawana haraka. Udongo wa huko ni mweusi, ule wa mbuga, ukikauka unapasuka na ukilowa unashika gurudumu kama gundi. Siku ile ulikuwa katikati, unafikiria. Nilimweleza Shija habari za Warumi. Yeye hakuwa na kiti cha nyuma cha kuhamia, kwa hiyo alianza kuimba.

Saa saba mchana tulifika. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukuta. Nilichokiona ni tuta la udongo la mviringo, refu kuliko mtu sehemu nyingine na sehemu nyingine limelala kabisa, na nje yake alama ya handaki lililojaa majani. Juu ya tuta ilistawi minyaa mizee, mashina mazito kama nguzo. Upande mmoja palikuwa na uwazi palipokuwa lango, na chini yake mteremko ulishuka moja kwa moja hadi mtoni. Mto wenyewe ni wa msimu. Siku hiyo ulikuwa mchanga mpana na kijito cha maji ya kufika kifundo cha mguu. Njia ya mikokoteni ilivuka hapo na kupanda ng'ambo.

Nilisimama pale langoni, na ninakiri mwili ulinisisimka. Baba hakunidanganya. Aliyekaa hapo aliona kila kilichokuja kutoka pande zote mbili.

Ila ndani ya boma palikuwa na nyumba ya bati, zizi la ng'ombe, ghala la mpunga, shamba la karanga, na mwanamke aliyekuwa akianika matobolwa juu ya mkeka, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukatwa vipande. Uso wake ulikuwa na mikunjo mingi na nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa. Nywele zangu mimi zina hina. Nikamwinamia.

"Shikamoo, mama."

Alinitazama kidogo. "Marahaba. Karibu. Umetoka mbali?"

"Tabora. Mimi ni Mwalimu Zuhura. Nimekuja kutazama boma."

"Litazame," alisema Mbuke. "Haliendi popote."

Akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na matobolwa. Nilikula haraka haraka, nikatoa futi kamba. Ndipo uso wake ulipobadilika. Alisimama na ungo mkononi, akanifuata kwa macho nikichomeka kijiti na kuvuta kamba kutoka kwenye tuta hadi ukutani mwa nyumba yake.

"Unapima nini, Mwalimu?"

"Historia," nikamjibu. Naomba msinicheke. Ndivyo nilivyojibu.

Kama saa tisa alasiri nilikuwa nimejaza kurasa nne. Nikapata wazo kwamba mchoro hautakamilika mpaka nilione boma kutoka ng'ambo, kama adui alivyoliona. Shija alikuwa akipakia magunia. Nikashuka mtoni na gambuti zangu, mwavuli kwapani, faili na daftari kwenye mkoba.

Nilikuwa nimefika katikati ya mchanga niliposikia chuma kikigongwa nyuma yangu. Langoni pa boma ilining'inia rimu ya gari kwenye nguzo, nami nilikuwa nimeipima na kuiandika "chombo cha kisasa, hakihusiki." Mbuke alikuwa akiigonga kwa nondo, kwa nguvu.

"Mwalimu! Toka! Mto unakuja!"

Nikatazama juu. Anga ilikuwa safi, bluu kabisa. Nikatazama maji, yalikuwa yale yale ya vifundoni.

"Hakuna mvua!" nikampigia kelele.

"Imenyesha juu huko! Rudi!"

Hapo nikasema neno ambalo nalijutia mpaka leo. Nilisema, "Mama, mimi nimefundisha na jiografia pia! Niache nifanye kazi!" Na nikaendelea mbele, hatua tano, sita, ili aone kwamba siamrishwi.

Kilichokuja kwanza ni sauti, kama magunia yanaburutwa sakafuni. Kisha nikaona mstari wa povu la kahawia ukigeuka kona ya mto, umebeba matawi na majani makavu. Haukuwa mrefu. Nilifikiri nitaukimbia. Niligeuka, gambuti zikanasa kwenye mchanga na miguu yangu ikataka kwenda, nikaanguka kwa magoti. Maji yakanifika kiunoni nikiwa bado sijainuka. Gambuti zikajaa, kila moja nzito kama ndoo ya kisima. Mwavuli ulifunguka wenyewe ukaenda zake. Mimi nikashika kisiki kilichokuwa katikati ya mchanga, nikakikumbatia, nikasoma kila dua niliyofundishwa madrasa, nyingine nadhani zilikuwa za chakula.

Mbuke hakuingia majini kichwa kichwa. Ninakumbuka nilimwona akishuka mteremko akitembea, kweli akitembea, huku akimwelekeza Shija. Walifungua ng'ombe mmoja kwenye mkokoteni, wakaunga kamba za kufungia magunia, ncha moja shingoni mwa ng'ombe. Mbuke akajifunga ncha nyingine kiunoni, akapanda juu kidogo ya mto na kuingilia hapo, ili maji yamlete kwangu. Aliponifikia yalikuwa kifuani.

"Vua viatu," aliniambia sikioni.

"Ni vya Agnes!"

"Vua viatu, Mwalimu!"

Nikavua. Gambuti moja ilipita mbele ya macho yangu ikielea kama bata. Akanikumbatia kwa nyuma, akapiga ukelele, na Shija akamwongoza ng'ombe kupanda. Tuliburutwa hadi kwenye matope ya ukingo, nikalala pale nikitapika maji ya mto. Nilipoinua kichwa, kisiki nilichokuwa nimekishika hakikuonekana tena.

Niliogopa baadaye, si wakati ule. Mbuke alinivua nguo kama mtoto, akanifunga kanga zake mbili, akaniweka jikoni karibu na moto na kunipa uji wa mtama. Mkoba wangu ulikuwa bado begani, sijui kwa nini. Akauchukua akatoa kila kitu na kukianika juu ya mkeka, kando ya matobolwa, ukurasa baada ya ukurasa, na kila ukurasa akaugandamiza kwa kijiwe.

Kama saa kumi na moja jioni jua lilikuwa limelala juu ya minyaa. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nikisikiliza mto unavyonguruma. Mbuke alichuchumaa kwenye mkeka kugeuza karatasi zilizokauka upande mmoja. Faili la plastiki lilikuwa limeilinda barua yangu vizuri kuliko nilivyojilinda mimi. Alikuwa akisoma polepole, kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"Shughuli... zote... za kibinadamu... ndani ya eneo hilo... zisitishwe... mara moja."

Akainua macho.

"Shughuli za kibinadamu ni zipi, Mwalimu? Kupika?"

Nikatazama moshi wa jikoni kwake.

"Kulima ni mojawapo?"

"Ndiyo," nikasema.

"Na kulala humu?"

Uji ulikuwa mkononi mwangu, wa mtama wake, kwenye kikombe chake. Kanga zake zilikuwa mwilini mwangu. Nimesimama mbele ya wakaguzi, nimesimama mbele ya wazazi wenye hasira, sijawahi kutamani ardhi inimeze kama jioni ile.

"Nilikuwa sijakujua," nikasema.

"Hukuuliza." Akairudisha barua mkekani, akaiwekea kijiwe chake. "Mume wangu amezikwa nyuma ya ghala. Ulipapima?"

Nilikuwa nimepapima. Niliandika "kichuguu kidogo."

Hakunifukuza. Alinipikia ugali na mlenda, akanitandikia, akalala. Laiti angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Jumatano, saa mbili asubuhi, mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Nkwabi, alifika kwa miguu, suruali imekunjwa hadi magotini. Shija alikuwa amempelekea habari. Nyuma yake walikuja watu kama ishirini, wakaketi kwenye tuta kama wako uwanjani. Ng'ambo ya mto watu wengine walikuwa wamekwama wakisubiri maji yapungue, nao wakakaa kututazama.

Nkwabi alisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," nami nikaitikia vibaya. Akahamia Kiswahili.

"Mwalimu, hapa tulipata wageni wengi wenye kamba. Wa kwanza walisema ni barabara. Wa pili walisema ni bwawa. Wewe ni wa nini?"

Usiku kucha nilikuwa nimetunga hotuba. Ilikuwa na utangulizi, ilikuwa na Warumi, ilikuwa na umuhimu wa urithi kwa vizazi vijavyo. Nikasimama na kanga za watu, miguu mitupu, nikafungua mdomo na hotuba yote ikaniponyoka.

"Mimi ni wa kujionyesha," nikasema. "Niliona ngome ya watu wengine kwenye simu, nikataka na mimi niwe na yangu. Niliandika barua kabla sijafika. Sikujua kama kuna mtu anaishi hapa, na sikuuliza."

Kisha mzee mmoja juu ya tuta akauliza kwa sauti kubwa, "Ndiye yule aliyesema anajua jiografia?"

Watu walicheka mpaka wa ng'ambo wakacheka bila kujua wanacheka nini. Shija alikuwa amewasilisha taarifa yake kikamilifu.

Mbuke hakucheka. Alisimama.

"Mimi sitaki kesi," alisema. "Ninataka kujua kitu kimoja. Barua hii imefika wapi?"

"Ipo ofisini Tabora. Bado hakuna aliyetumwa. Wananisubiri mimi."

"Basi andika nyingine. Andika hapa, tukiona."

Daftari langu lilikuwa bado bichi, kalamu imepotelea mtoni. Nkwabi alitoa karatasi na kalamu yake. Niliandika juu ya kinu kilichopinduliwa, watu wakinisimamia, na kila sentensi nililazimika kuisoma kwa sauti. Nilipoandika "wakazi wa eneo husika," mama mmoja akaniuliza kwa nini nisiandike majina. Nikaandika majina. Nilipoandika kwamba Mbuke "anaishi karibu na kivuko," Nkwabi akanizuia.

"Anakilinda kivuko," akasema. "Baba mkwe wake alikilinda, na aliyekuwapo kabla yake. Mvua zikianza, hakuna mtu anayevuka hapa bila kumsikiliza."

"Isipokuwa walimu," yule mzee akasema.

Mwisho nikaandika majina na umri wa wanaotia sahihi. Mbuke, mwanamke, mkulima na mfugaji, miaka hamsini na tano. Kalamu ikasimama. Mimi nina sitini na mmoja.

"Mbona uliitikia shikamoo yangu?" nikamnong'oneza.

"Ulikwisha kuitoa," naye akaninong'oneza. "Ningefanyaje, nikuaibishe mbele ya Shija?"

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

Siku ile nzima mkokoteni haukuweza kutoka kwa sababu ya matope, kwa hiyo nilibaki. Nilimenya karanga vibaya na nilikamua ng'ombe vibaya zaidi. Adhuhuri, watu wa kule ng'ambo walipoanza kujaribu maji kwa fimbo, Mbuke alitoka langoni akagonga rimu mara tatu, na wote wakarudi nyuma bila ubishi. Hakupandisha sauti. Saa kumi alishuka mwenyewe, akaingia hadi magotini, akasimama muda mrefu akitazama mahali fulani ambapo mimi sikuona chochote. Akarudi akagonga mara moja. Wakavuka, mmoja mmoja, wameshikana mikono, wakimsalimia walipopita.

Jioni alileta kopo la mafuta ya kupikia lililojaa vitu ambavyo plau lake limevifukua kwa miaka mingi: shanga za bluu na nyekundu, vigae vya vyungu, kipande cha chuma kilichopinda, kitu kama kitufe.

"Wewe ndiye mtu wa mambo ya kale," alisema. "Hiki ni nini?"

Nikakigeuza geuza. Nilijua namna ya kujibu swali ambalo sijui jibu lake. Nimefanya hivyo darasani miaka mingi, unakohoa kidogo na kumwuliza mwanafunzi wewe unaonaje.

"Sijui," nikasema.

"Na hizi shanga, alizileta nani?"

"Watu wa misafara, nadhani. Lakini sijui."

"Na boma alijenga nani? Huyu Nkwabi anasema mtemi. Mume wangu alikuwa anasema Waarabu. Jirani yetu Mzee Lugata anasema Wajerumani."

"Mbuke, sijui."

Alifunga kopo, ameridhika, kama mtu aliyehakikisha pipa halivuji. "Sasa unaweza kuja tena," alisema.

Alhamisi matope yalishikamana vya kutosha. Aliniazima kandambili za marehemu mume wake na kunipa matobolwa ya kula njiani, mfuko mzima. Nilimwinamia kumuaga, nikasita katikati, sikujua nimpe salamu gani. Yeye ndiye aliyesema, "Shikamoo, Mwalimu." Sikujua niyapeleke wapi macho yangu.

Lusu nilimkuta Agnes barazani. Alinitazama kuanzia kanga hadi kandambili za kiume.

"Gambuti zangu?"

"Moja niliiona ikielekea ziwa la Kitangiri."

"Na ile nyingine?"

"Haikuaga."

Ijumaa niliingia Tabora, na Jumatatu iliyofuata nilikuwa mlangoni pa ile ofisi kabla haijafunguliwa. Ofisa kijana alizisoma barua zote mbili, ya kwanza na ya pili, kisha akazilaza sambamba mezani.

"Mwalimu, hii inasema shughuli zote zisitishwe. Hii inasema zisiguswe. Zote zina sahihi yako."

"Ndiyo."

"Tufuate ipi?"

"Ya pili. Ya kwanza nilikosea."

"Kwenye faili nahitaji sababu."

Akanipa karatasi. Niliandika: nilikosea kwa kuwa sikuwa nimefika. Akaisoma, akaigonga muhuri. Kazi yangu iliyotembea haraka kuliko zote katika maisha yangu ilikuwa ile.

Kiangazi mtaalamu alikwenda, dada mmoja mtaratibu, na Nkwabi alipewa taarifa wiki mbili kabla. Sikualikwa, na nilishukuru. Alikaa siku tatu kwa Mbuke. Aliandika kwamba tuta limehifadhika kwa sababu kuna mtu anayeishi humo na kuzuia mikokoteni isilipande, na akashauri libaki mikononi mwake. Kuhusu aliyelijenga, aliandika kwamba bado haijulikani. Uzio haukuwekwa. Karanga zilivunwa.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi kwangu, wenzangu walitaka ripoti. Kitwana aliuliza vipimo, nikamwambia vilifutwa na maji. Akauliza sasa nimejifunza nini, safari yote ile. Nilikuwa nimeliandalia swali hilo jibu kwenye daftari jipya, jibu zuri sana: kwamba kwa miaka thelathini na minne niliwafundisha watoto kwamba ngome ni kuta, na kumbe ngome ni mtu anayeamka asubuhi kwenda kuutazama mto. Kitwana hata alitikisa kichwa kwa kuguswa.

Nililipenda mno jibu lile. Walipoondoka nikampigia Mbuke simu nimsomee. Nilisoma polepole, kwa kituo. Alisikiliza mpaka mwisho, ng'ombe wakilia nyuma yake, kisha akaniuliza kama nimekula.